Gugumaji Kipeo cha Sita

Wewe mzazi mwenzangu uliye na mtoto wa Gredi ya 9 nyumbani, sogea hapa tuongee. Haya mambo huwezi kumweleza asiye na watoto akakuelewa. Akisikia kwamba nyumba ya watu saba imemaliza wiki nzima bila beseni hata moja la kuogea, atauliza kama tulivunjiwa. Hatukuvunjiwa. Tulikuwa na hesabu za vipeo.

Kwanza uwajue wenye nyumba. Mke wangu, Mama Atieno, humu ndani tunamwita Spika, kwa sababu akisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, hoja zote zimefungwa. Atieno, kifungua mimba wetu, ni Mkaguzi Mkuu. Tangu utotoni amekuwa akihesabu kila kitu kinachopita mbele yake, na hata leo ukimtuma mkate, chenji ikipungua shilingi 5 atarudi dukani usiku. Kisha kuna mapacha, Opiyo na Odongo, wa Gredi ya 3. Opiyo alitangulia, Odongo akafuata, kama majina yao yanavyomtangazia kila Mjaluo, na tangu siku waliyozaliwa hakuna kitu nyumbani kwetu kilichowahi kuvunjika kimoja peke yake.

Dalali ni shemeji yangu, ndugu ya Spika. Alitoka Siaya kuja kutusalimia, akaweka mkoba sebuleni, na sasa ana ufunguo wake na kikombe chake ambacho hakiguswi na mtu. Namwita Dalali kwa kuwa hawezi kusikia bei ya kitu bila kutaja ya chini. Wa mwisho ni mama yangu mzazi, Dani Gorogoro, anayeuza omena Kendu Bay na ambaye hutujia kila Pasaka na gunia na maagizo. Dani hupima kila kitu kwa gorogoro: omena, mahindi, mvua, hata wakwe.

Basi muhula wa kwanza ulipoanza, Atieno alirudi na vipeo. Ni ile nambari ndogo inayokaa juu, begani mwa nambari kubwa, kukuambia hiyo kubwa itajirudia mara ngapi katika kuzidisha. Alikuwa ameandika 2³ kwenye daftari, na Dalali, aliyekuwa akipita na chai yake, akasema jibu ni 6 na hana haja ya karatasi. Atieno akamwambia ni 8. Mbili mara mbili ni nne, nne mara mbili ni nane. Spika, ambaye hujitahidi kumkinga ndugu yake mbele ya watoto, akasema huenda kuna njia mbili za kuifanya. Usiku ule tulikula tukibishana, mapacha wakipiga meza na kuimba "sita, nane, sita, nane", na ugali ukapoa.

Jumapili iliyofuata tulishuka Dunga kula samaki. Ukienda Dunga na watoto wadogo, kazi yako ni kuwazuia wasiingie ziwani, hata utamu wa samaki husikii. Nikiwa nimemshika Opiyo shati na Odongo sikio, Atieno alichutama ukingoni akachomoa gugumaji moja, changa, lina mizizi yake myeusi yenye manyoya, akalitia kwenye mfuko. "Hili ndilo litakalomjibu mjomba," akasema. Spika akamwambia hilo likiingia kwake litakaa nje. Likakaa nje, kwenye beseni la kijani la kufulia, kando ya mfereji.

Hapa lazima nikupe historia kidogo, maana sisi wa Kisumu tunalijua gugu hili kwa machungu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, bonde la Amazon. Ziwa Victoria liliingiliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na njia moja kubwa ilikuwa Mto Kagera, unaoshuka kutoka upande wa Rwanda. Mimi nilikuwa kijana mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño, na nilisimama bandarini nikaona Ghuba ya Winam imekuwa kijani mpaka macho yanapoishia. Mashua zilikwama zikiwa na samaki ndani. Watu walikuwa wakisukuma kwa miti, wakichoka wanakaa, wakipumzika wanasukuma tena. Mwaka ule upande wa Kenya gugumaji lilifunika zaidi ya hektari 17,000. Likipata joto na maji yenye rutuba, linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili hivi, kwa kutoa vikonyo pembeni, kila kikonyo na mche wake. Na rutuba sisi wenyewe tunaipeleka: maji taka ya miji na mbolea inayosombwa na mvua mashambani.

Mapacha walisikia hilo la rutuba. Hawakuniambia kitu. Walikwenda kwa jirani, wakaomba mavi ya kuku, wakayakoroga kwenye beseni la mama yao.

Wiki mbili zikapita, magugu yakawa mawili. Nyingine mbili, manne. Atieno alichora jedwali kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma, ukuta niliokuwa nimeupaka rangi Desemba: 2¹ ni 2, 2² ni 4. Na juu kabisa, kabla ya hayo, aliandika 2⁰ ni 1. Hapo Odongo akakataa. Huyu mtoto kukataa ni kipaji chake.

"Sifuri haiwezi kuwa moja," akasema.

"Sifuri ni mara lilizozaa," Atieno akamjibu. "Siku niliyolitoa Dunga, lilikuwa limezaa mara ngapi?"

"Hata moja."

"Sasa beseni lilikuwa tupu?"

Odongo akaangalia beseni, akamwangalia Opiyo. "Lilikuwa na moja."

"Ndiyo hiyo."

Mimi nilisoma miaka yangu yote nikiambiwa nambari yoyote isipokuwa sifuri, ukiipa kipeo cha sifuri, jibu ni moja, shika hivyo hivyo. Sikuwahi kuonyeshwa. Mtoto wa Gredi ya 3 kaonyeshwa kando ya mfereji, miguu ikiwa na tope la mavi ya kuku. Nilisahau kuhusu ukuta kwa dakika nzima.

Magugu yalipofika manane, Dalali alikuja, akayahesabu kwa kidole, akarudi ndani bila kusema neno. Nane ndiyo 2³. Alikaa siku mbili akizungumza habari za mpira tu. Yalipofika kumi na sita, beseni la kijani likajaa, Atieno akachukua la buluu. Spika alipotafuta la buluu aogeshe mapacha, akakuta limechukuliwa, akachukua la njano. Asubuhi yake la njano nalo lilikuwa na magugu, maana mapacha walihurumia yaliyobanana.

Sasa nikuambie jambo la Dalali, maana halitoki nje ya somo hata ukidhani linatoka. Jioni moja simu yake ililia akatoka nje kuipokea, na shemeji akitoka nje kupokea simu wakati chakula kiko mezani, ujue kuna deni. Spika alimfuata. Ikajulikana kwamba miezi minne iliyopita alikopa shilingi 10,000 kwa shailoki wa mtaani, atengeneze giaboksi ya tuktuk aliyokuwa akiendesha. Riba ni asilimia 20 kwa mwezi, na usipolipa, riba inaingia kwenye deni nayo inaanza kuzaa. Dalali alikuwa amepiga hesabu zake: 2,000 kwa mwezi, miezi minne ni 8,000, jumla 18,000. Kwa mwaka mzima ingefika 34,000, na kabla ya hapo atakuwa ameshapata.

Mkaguzi Mkuu akavuta daftari. Kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.2, akasema, kwa hiyo miezi minne ni 1.2⁴, na hiyo ni 2.0736. Deni lilikuwa shilingi 20,736. Hakuna aliyeshtuka sana, tofauti ilikuwa chini ya elfu tatu. Kisha akafanya ya mwaka, 1.2¹², akizidisha kwa mkono polepole, Opiyo akimshikia taa kwa sababu stima zilikuwa zimepotea. Ikatoka 8.916. Akaandika: shilingi 89,161.

Dalali alichukua daftari akalisoma mwenyewe kuanzia juu. Akauliza kama kuna nukta imesahauliwa. Hakuna. Spika alikwenda chumbani akarudi na pesa za chama, zilizokuwa za kununulia vitambaa vya makochi, akazihesabu mezani, na mimi nikajazia zilizopungua. Deni lililipwa wiki ile ile. Makochi yetu bado yako uchi mpaka leo, na kila mgeni akiyaangalia, Dalali huinuka kwenda kuchota maji. Lakini baada ya usiku ule alianza kuhesabu magugu kila asubuhi kabla hajapiga mswaki.

Yalipofika 32, Spika alisimama mlangoni na mwiko. Agizo: robo tatu ya magugu yatoke leo. Atieno akampinga kwa adabu zote. "Mama, 32 ni 2⁵. Ukitoa robo tatu, umegawa kwa nne, na nne ni 2². Vipeo vinatoana: 5 toa 2 ni 3. Tutabaki na 2³, yaani nane. Na nane inarudi 32 baada ya wiki nne tu, kwa sababu 2³ mara 2² ni 2⁵. Tutakuwa tumejichosha bure."

Hili nililipenda, maana ndivyo ilivyo ziwani. Mashine za kukata na kuvuna magugu zimewahi kuletwa, zikakata, watu wakapiga makofi, na magugu yakarudi. Ukiondoa robo tatu umenunua muda mfupi tu, sawa na zile raundi mbili za kuzaana. Msaada mkubwa zaidi ulitoka kwa wadudu wadogo wa kahawia wanaotafuna majani na vikonyo, waliofugwa na watafiti wa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, na kuanza kuachiliwa upande wetu mwaka 1997. Na bado ghuba haijapona, kwa kuwa mbegu hukaa kwenye tope miaka mingi zikingojea.

Atieno aliwahi kunikalisha akanionyesha hesabu ya 1998. Chukua hektari moja tu. Izidishe mara mbili, mara 14. Unapata 2¹⁴, ambayo ni 16,384. Karibu hektari 17,000! Raundi 14 za wiki mbili mbili ni wiki 28, miezi sita na ushee. Ziwa lenyewe haliendi kwa usawa huo, upepo husukuma, mawimbi huvunja, nafasi huisha. Lakini nilimwangalia mwanangu na nikafikiria wazee wangu waliosimama pale bandarini wakiulizana laana hii imetoka wapi. Laiti mtu angetuandikia ile nambari ndogo ya juu ukutani, wakati gugu lilipokuwa hektari nne au nane.

Hiyo nambari ya juu, kwa taarifa yako, ilizoeleka kuandikwa vile baada ya Mfaransa René Descartes kuitumia kwenye kitabu chake cha 1637. Spika alipoambiwa hivyo aliuliza kama huyo Descartes alikuwa na mke na mabeseni.

Pasaka ikafika, na Pasaka ile ilikuwa zamu ya Spika kupokea chama. Wanawake ishirini, chapati, kuku, na uso wa nyumba uwe safi. Dani Gorogoro aliwasili kwa matatu na gunia lake, akauliza maji ya kunawa, akaletewa kikombe. "Kikombe?" akauliza. Akapelekwa nyuma. Magugu 64, kipeo cha sita, yalikuwa yamechanua maua ya zambarau kwenye kila chombo cha nyumba ile chenye tako. Dani ameishi kando ya ziwa maisha yake yote na hakuwahi kuliona gugu hili ndani ya sufuria ya pilau.

Spika akaamuru vyombo viorodheshwe. Mapacha walitumwa na karatasi. Barazani: beseni 3 na sufuria 2. Uani: beseni 1 na sufuria 4. Atieno alikuwa amewafundisha kutumia herufi, basi wakaandika 3b + 2s + b + 4s, vizuri kabisa, kisha wakarahisisha wenyewe wakapata 10bs, wakaja wakijivuna. Atieno akataka kueleza, Dani akamtangulia.

"Wuoda," akaniambia mimi, ingawa waliokosea ni wajukuu, maana kwa Dani kosa la mtoto huanza na baba yake. "Hawa wanachanganya omena na ngege. Ukiwa sokoni na gorogoro 3 za omena na ngege 2, mteja akikuuliza una nini, utamwambia una tano za nini?"

Opiyo akafikiri. "Omena peke yake, ngege peke yake."

"Haya. Beseni zako?"

"Nne. Na sufuria sita." Wakaandika 4b + 6s.

Atieno akaongezea kwamba hata b na b² hazijumlishwi, ingawa herufi ni moja. Dani akasema bila shaka, omena mbichi na omena kavu hazina bei moja. Huyu ni mwanamke aliyeacha shule darasa la nne.

Wakati huo Dalali alikuwa soko la Kibuye, ametumwa na Spika kwa ujumbe wa simu: lete vitu vya chapati vya kawaida, unga pakiti 2 na mafuta lita 1, lakini mara mbili. Akarudi na pakiti 4 na lita 1. Spika akauliza mafuta mengine yako wapi. Dalali akasema ameambiwa mara mbili, na amefanya mara mbili, unga umeongezwa. Mkaa ukatoka tena. Atieno akaandika kwenye mlango wa jikoni 2(2u + m), akamwonyesha mjomba wake kwamba ile 2 iliyo nje ya mabano inamgusa kila aliye ndani: 4u + 2m. Wewe umeleta 4u + m, akamwambia. Dalali akasema kwenye simu hakuna mabano. Na kweli hayakuwepo, Spika hakuandika mabano. Lakini hoja ilikuwa imefungwa, na chapati za chama zilitoka ngumu, wanawake wakazila kwa heshima, wakinywa maji baada ya kila tonge.

Katikati ya hekaheka, mbuzi wa jirani aliingia uani akala magugu matatu. Atieno alikwenda kuhesabu mara ya mwisho kabla ya kuandika ripoti yake akakuta 61. Alilia. Kabla ya chama alikuwa amehesabu 64 kamili. Dalali, kwa moyo mwema kabisa, akamwambia aandike 64, mwalimu hatajua. Mkaguzi Mkuu akapangusa macho, akaandika 61, na mbele yake akaandika: mbuzi. Chini akaeleza kwamba vipeo vinasema gugu lingefika wapi likiachwa, na mbuzi ni sehemu ya yale yanayolizuia. Mimi baba yake nilisimama nyuma yake nikisoma, na nakuambia wewe mzazi mwenzangu, vitambaa vya makochi, rangi ya ukuta, chapati, vyote nilivisamehe pale pale.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya Dani. Mapacha walitaka kuyamwaga kwenye mtaro wa mbele, mvua iyachukue. Akawazuia kwa fimbo. Mitaro ya Kisumu huishia ziwani, mingine kwa njia ya mito kama Kisat na Auji, na alichokiona Kendu Bay kinamtosha. Tulikata maua kabla hayajatoa mbegu, tukayaanika magugu yote juu ya mabati mpaka yakakauka kabisa, kisha Dani akayatandaza kwenye vitalu vya sukuma wiki vya Spika.

Kwa hiyo nawe, mtoto wako akikuletea gugumaji nyumbani, mwache alihesabu, mpe hata beseni. Akimaliza, tafadhali likate ua, ulianike juani mpaka livunjike mkononi, na usilitupe mtaroni hata likiwa moja tu.